Mwanamke Aliyemfungulia Bungua Dirisha

Kama ulikaa Kariakoo katika miaka ya hamsini, hasa upande wetu wa Mtaa wa Mchikichi, lazima ulimwona Mama Josepha na mchi wake. Mwanamke mrefu, mkavu, kitambaa cheusi kichwani, anaingia nyumba za watu kama bwana afya. Anaamkia, anaomba ruhusa ambayo haisubiri, kisha anainua mchi wa kutwangia na kugonga boriti. Anagonga tena mahali pengine. Halafu anasimama shingo upande, anasikiliza kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Watoto walimwiga kwa mwiko. Wanaume wa kwenye bao walisema Mchagga yule amerukwa na akili tangu afiwe. Mimi niliwaacha waseme, kwa sababu nilikaa naye nyumba moja na najua mchi ule ulianzia wapi.

Jina langu Candida. Mimi na mume wangu Onesphory tulitoka Uluguru kutafuta maisha. Yeye alipata kazi ya kupakua meli bandarini, mara nyingi zamu za usiku, na mimi nikakaanga vitumbua na kuvitembeza. Tulipanga chumba kimoja cha uani kwa Mama Josepha, chumba chenye joto la tanuri na paa la madebe lililovuja kila wingu lilipopita. Onesphory alirudi kutoka bandarini jua linapanda, akaegemea fremu ya mlango na kutafuna mswaki wake wa mti, krr, krr, taratibu, bila haraka ya dunia. Nilikuwa nikimwambia, "Wewe mwanamume utautafuna huo mti mpaka uwe uji." Alikuwa anacheka tu. Ndipo anaingia kulala.

Mwenye nyumba wakati huo alikuwa bado hai, na ndiye aliyeijenga. Kasmir, mume wa Josepha, alikuwa mtu wa Rombo, mnene kidogo, mwepesi wa utani. Alifanya kazi kwa Bwana Harshad, Mhindi mwenye duka la mbao na nguzo karibu na soko. Kazi yake Kasmir ilikuwa msituni Pugu, kusimamia wamenyaji. Mti ukishaangushwa, wamenyaji walitakiwa kuuvua magome siku hiyo hiyo, kwa sababu bungua, yule mdudu mweusi mwenye pembe ndefu, hutaga mayai kwenye magome. Ukiumenya mapema, hana pa kutagia. Ukichelewa, mtoto wake huingia ndani ya mti, na humo ndani anaweza kukaa miaka, anakula kimya kimya kama mgeni asiyeaga.

Mwaka mmoja Bwana Harshad alikaa na kupiga hesabu zake. Akaona wamenyaji ni wengi, wanakula mshahara, na mbao zimeshuka bei. Akawapunguza wote, akamrudisha Kasmir dukani. Kwa mwaka ule hesabu yake ilimlipa. Lakini nguzo zililala pembezoni mwa msitu na magome yake kipindi chote cha mvua, na zilipofika Kariakoo hakuna fundi mwenye macho aliyezitaka. Ikabidi Harshad aziuze kwa bei ya kutupa. Na nani aliyezichangamkia? Kasmir mwenyewe, aliyejua kuliko wote kwa nini zilikuwa rahisi! Alikuwa amechoka kupanga, alikuwa na kiwanja, na mkewe alikuwa anamsukuma kila siku. Jirani mmoja Mzaramo alimshauri angalau akazilaze kwenye matope ya mkondo wa maji chumvi miezi kadhaa, kama wafanyavyo watu wa Pwani. Kasmir akamjibu kwamba mwenye nyumba wake halali matopeni, anakuja kudai kila mwisho wa mwezi. Watu wakacheka. Boriti nene kuliko zote akaiweka chumba cha mbele, chumba chake na mkewe, ibebe dari.

Alikaa chini ya dari ile miaka michache tu. Ilikuwa masika ya mwaka hamsini na nne alipopata kichomi, na hakumaliza wiki.

Sasa, mtu wa Rombo akifa hazikwi popote tu. Anarudishwa kwao, anazikwa kwenye kihamba chake, katikati ya migomba yake, karibu na baba na babu. Lakini masika yale barabara ya Korogwe ilikatika, mabasi yalikwama, na maiti haingojei barabara. Ikabidi tumzike hapa hapa. Mdogo wake, Polycarp, aliyekuwa na duka la jumla la nafaka na ambaye mtaa mzima ulimwita Mangi, alilia makaburini huku akirudia, "Kaka, vumilia. Vumilia tu kidogo." Nilimwona Josepha akisikia maneno yale. Hakulia. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Ijumaa.

Sauti ilianza kabla matanga hayajapoa. Alasiri moja nilikuwa uani naosha sufuria, akaniita kwa sauti ya chini.

"Candida, mwanangu. Njoo usikilize."

Niliingia chumba cha mbele, nikafuta mikono kwenye khanga. Kwanza sikusikia kitu. Kisha, juu ya kitanda, ndani ya boriti, krr, krr, krr. Inanyamaza. Inaanza tena. Kwenye foronya kulikuwa na unga mlaini wa rangi ya maziwa, umedondoka upande aliokuwa akilalia Kasmir.

"Mdudu huyo, Mama," nikasema.

"Kasmir alikuwa anasaga meno usingizini," akasema. "Nimelala naye miaka yote, nitakosaje kumjua?"

Nilitaka kucheka, na mwili ukakataa. Nywele za mikono zilinisimama saa tisa ya mchana, jua linawaka nje, wauza mkaa wanapita wakinadi. Kwa sababu kweli ilifanana. Na mimi nilikuwa nimewahi kumsikia Kasmir akisaga meno, siku moja alipolala kwenye mkeka barazani.

Baada ya hapo mambo ya nyumba ile yalizunguka kwenye boriti moja. Msichana wa chumba cha kati alihama. Mwingine akamfuata. Waliokuja kuuliza chumba walioneshwa, wakasikia, wakaaga kwa adabu. Josepha hakuwa na shamba mjini wala mtoto wa kumtuma kazi. Alikula kodi. Nyumba isipokuwa na wapangaji, naye hana chungu mekoni.

Ndipo akaja Bwana Harshad. Alikuwa mwembamba, mpole, miwani imefungwa uzi sikioni. Alivua viatu mlangoni, akatoa pole, kisha akapanda juu ya kigoda na kuchokonoa boriti kwa kisu kidogo. Ule unga ukamwagikia miwani.

"Mama Josepha," akasema akishuka, "huyu bungua. Si mmoja, wengi. Sasa hivi dawa inasaidia bado. Unapaka dawa na mafuta, bei ya kuku wawili. Ukingoja, lazima ubadilishe boriti, bei ya mbuzi. Ukingoja tena, dari inakuja chini, na hiyo mimi sijui bei yake."

"Na boriti ya kubadilisha nitanunua wapi?" Josepha akamuuliza.

Harshad akatazama viatu vyake. "Dukani kwangu ipo."

Polycarp, aliyekuwa ameketi pembeni, akaguna. Alipoondoka Mhindi ndipo akasema alilokuwa nalo. "Shemeji, umesikia? Mwenye duka la mbao anakwambia mbao yako mbovu! Alituuzia mwenyewe, leo anataka kutuuzia tena. Yule si mdudu. Kaka anaomba kwenda nyumbani. Nilimwambia avumilie kidogo, na kidogo kimepita."

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vitumbua, nikajitia kusema. "Lakini Mangi, ule unga tunauona kwa macho."

"Candida, wewe ni mtu wa Uluguru," akanijibu. "Mambo ya Rombo tuachie sisi."

Nikainua sinia langu nikaenda zangu. Ningekuwa mkubwa kidogo kwa umri, nisingenyamaza.

Josepha alikuwa na akiba moja, aliyoachiwa na Kasmir ya kuezekea mabati. Ingetosha boriti na dawa na chenji ikabaki. Au ingetosha safari ya Rombo: nauli ya watu wawili, mbuzi, na pombe ya ndizi ya kuwanywesha wazee. Haikutosha vyote. Siku nyingi alikaa chini ya ile sauti anafikiri. Namkumbuka akiniambia, "Mwanangu, boriti nitapata nyingine hata baadaye. Mume wangu akinung'unika huko aliko, nitamnunulia nini?" Hakuwa mjinga yule mwanamke, na nasema hivi kwa wale wa kwenye bao. Alipima, akaweka kwenye mizani kitu alichokipenda, na kikawa kizito kuliko paa.

Waliondoka na udongo wa kaburi kwenye mfuko wa kitambaa cheupe, kwa basi la Korogwe. Kwa watu wa ukoo wao, mtu asipoweza kurudi mwenyewe, udongo wa kaburi lake unarudi badala yake, unafukiwa mgombani, naye anatulia. Walifanya yote. Mbuzi alichinjwa, wazee walinena, udongo ukafukiwa karibu na baba yake. Josepha alirudi amekonda lakini macho yake yametulia. Aliweka kikapu chini, akaingia chumbani, akasimama chini ya boriti.

Kimya.

Tukaingia sote kusikiliza. Mimi, Onesphory, Polycarp, hata mama muuza mkaa. Kimya kabisa. Na katika boriti, upande wa ukutani, kulikuwa na tundu jipya la mviringo, la kuingia kidole kidogo. Chini yake, ukutani, ametulia mdudu mweusi mwenye pembe ndefu kuliko mwili wake, anazipunga pole pole kama mtu anayepapasa gizani.

Onesphory akavua kandambili ampige.

"Usimguse!" Josepha akapiga kelele. Sijawahi kumsikia akipiga kelele namna ile, kabla wala baadaye. Akaliendea dirisha, akalifungua lote, akamsogezea yule bungua ncha ya khanga mpaka akapanda. Akamtoa nje mkono umenyooka. "Haya, baba," akasema. "Nenda salama." Mdudu akafungua mbawa, akaruka juu ya mapaa ya Mtaa wa Mchikichi kuelekea sokoni. Polycarp alivua kofia.

Basi ikawa raha. Wapangaji walirudi. Josepha akasema chumba cha mbele ni kikubwa mno kwa mjane, akatupatia mimi na Onesphory kwa kodi ile ile ya uani, kwa sababu, alisema, tulimvumilia. Yeye akahamia chumba kidogo. Nilifurahi mno! Chumba chenye dirisha la mtaani, kisichovuja, na dari juu. Onesphory alikuwa anarudi bandarini, anaegemea fremu ya mlango wa chumba chetu kipya, anatafuna mswaki wake, krr, krr, na anatazama watu wa mtaani kama mwenye mji.

Harshad alipita mara moja. Akatazama lile tundu, akamwambia Josepha, "Mama, kimya hiki mimi sikipendi." Josepha akamjibu kwa upole kwamba mume wake amefika kwao. Mhindi akavaa viatu vyake, akaaga. Nadhani alikumbuka nguzo zile zilitoka duka gani.

Mwaka uliofuata maharage yalijaa sokoni, bei ikaanguka, na Polycarp akanunua mengi ili ayaweke mpaka yapande. Ghala lake lilikuwa limejaa. Akaomba dari. Josepha angemkatalia vipi shemeji aliyemsindikiza mpaka Rombo? Wapagazi wakapandisha magunia, moja baada ya jingine, juu ya chumba chetu. Boriti haikulia hata kidogo. Onesphory alitania kwamba sasa tutalala chini ya chakula, njaa itutafute.

Ilikuwa mchana. Yeye amelala baada ya zamu, mimi nipo uani nageuza vitumbua. Nilisikia kishindo kimoja kizito, bila mlio wa mti kuvunjika, kama mtu aliyeshusha mzigo aliochoka kuubeba. Kisha maharage. Yalimiminika, yakatoka mlangoni mpaka koridoni, yakanifikia miguuni kabla sijasimama. Nilikimbia juu yake nikiteleza, nikiita jina la mume wangu.

Waliyafukua kwa makarai. Sitasimulia zaidi ya hapo.

Siku iliyofuata mazishi Harshad alikuja na msumeno na fundi wake Augustino. Ile boriti ilikuwa imelala uani. Augustino hakuhitaji msumeno. Alikanyaga, nayo ikapasuka kama ganda la yai. Ndani hamkuwa na mti. Kulikuwa na unga umeshindiliwa, na nje ngozi nyembamba ya mbao iliyosimama kwa mazoea tu.

"Walipokuwa wanakula," Harshad akasema, "mti ulikuwepo wa kula. Walipomaliza, wakatoka." Alisema kwa sauti ndogo sana, bila kumtazama mtu. Kisha akakaa juu ya kizingiti na kulia mbele yetu, mtu mzima, miwani mkononi. "Mimi nilipunguza wamenyaji," akawa anasema. "Mimi nilipunguza." Alileta boriti mpya iliyomenywa na kupakwa dawa, hakutaka hata senti. Na nikaambiwa amewarudisha wamenyaji msituni Pugu, wengi kuliko zamani. Ikawa faida kwa nyumba za watu wengine.

Mimi nilimgeukia Josepha. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii mama. Nilimwambia alimfungulia dirisha muuaji wa mume wangu, akamwita baba, akamtakia safari njema. Hakujitetea. Alisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema, "Alipokuwa anasaga meno tulikuwa wazima sote, mwanangu. Alikuwa ananiambia. Mimi nikadhani analalamika, kumbe anatuonya. Nikaenda kumnyamazisha." Akaingia jikoni, akatoka na mchi. Alianza na boriti zetu. Akaenda kwa jirani. Akaenda kwa jirani wa jirani, kufuata upande ambao yule bungua aliruka.

Kwa nini sikuhama? Watu waliniuliza. Sikuwa na pa kwenda, na Josepha hakuchukua tena kodi yangu. Lakini ukweli ni kwamba mtu mwingine yeyote angenifariji, na mimi sikutaka kufarijiwa. Nilitaka kukaa na mtu aliyejua. Tulikula chungu kimoja, wanawake wawili, hatusemi mengi. Jioni alipita vyumbani na mchi wake, ngo, ngo, na mimi nikalala nikijua amesikiliza.

Mwishoni mwa miaka ile ya hamsini, asubuhi moja, nilikuwa nachanganya unga wa vitumbua chumbani. Nikasikia.

Krr, krr.

Nilisimama na mwiko mkononi. Ilitoka mlangoni. Ndani ya fremu, kimo cha bega la mwanamume aliyeegemea. Krr, krr, taratibu, bila haraka ya dunia. Nilijua ni nini. Nilikuwa nimeona boriti ile ikipasuka chini ya mguu wa Augustino, hakuna aliyejua kuliko mimi. Hata hivyo nilisogea, nikaweka shavu kwenye mti, nikasema, "Umerudi?"

Nilikaa pale mpaka unga ukaumuka ukamwagika bakulini. Sikwenda kuuza siku ile, wala ya pili yake. Asubuhi naamka mapema nimsikilize. Nikawa namweleza habari za mtaa, nani kaoa, nani kafungua duka. Nilikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilinitisha. Nilimficha Josepha. Lakini huwezi kumficha jambo kama lile mwanamke mwenye mchi.

Alisimama koridoni jioni, shingo upande. Hakugonga. Alinitazama, nami nikaona ameelewa yote, mpaka mswaki.

"Vyumba vyote sasa vina watu," akasema. "Chumba cha kati wana mtoto mchanga. Fremu hii ndiyo imeshika ukuta wao."

"Najua, Mama."

"Mimi siwezi kukuambia ufanye nini. Wangu nilimfungulia dirisha."

Alikwenda kwa Harshad mwenyewe, akarudi na kopo la dawa na brashi, akaviweka miguuni pangu. Kisha akaingia chumbani kwake na kufunga mlango, anipe nafasi. Dawa ilinuka mafuta ya taa na kitu kingine kichungu. Upande wa pili wa ukuta mtoto alikuwa ananyonya, namsikia akihema. Na ndani ya mti, krr, krr, krr, hana habari.

Nilimwambia kwaheri kwa jina lake. Nikachovya brashi. Nilianzia juu, nikashuka, nikaingiza dawa kwenye kila ufa na kila tundu, na nilipofika kimo cha bega nilipaka mara mbili, machozi yakichanganyika na dawa mpaka sikuona ninachopaka. Kopo likaisha. Nikakaa chini sakafuni nikisikiliza.

Nyumba ile bado imesimama. Yule mtoto wa chumba cha kati amekua, ananiamkia shikamoo kila asubuhi akipita mlangoni pangu, anaegemea fremu kidogo ndipo aende zake. Dawa ilikuwa bei ya kuku wawili, kama Harshad alivyosema. Tangu jioni ile sijamsikia tena mume wangu.